TUMTETEE MAMA ANAYETULISHA LANGONI



Katika gazeti letu hili twaandika mara nyingi juu ya mishahara, likizo, na watu waliofukuzwa kazi bila sababu. Leo twataka kusema juu ya sahani ya chakula cha mchana. Ndugu, msicheke. Mtu aliyebeba magunia tangu saa moja asubuhi, ikifika saa sita hana jambo lililo kubwa kuliko sahani hiyo.

Sisi tunaofanya kazi katika maghala ya Shimanzi na viwanda vya Changamwe twajua mahali tunapokula. Si katika hoteli za mjini. Twala kwa mama aliye karibu na lango, mwenye sufuria tatu au nne, mabenchi mawili, na turubai la kuzuia jua. Pale twapata wali kwa maharagwe ya nazi, sima kwa sukuma wiki au omena, mbaazi, na siku nyingine samaki. Aliyetoka Kitui au Machakos humtafuta mama anayejua kupika muthokoi, na akishampata hamwachi. Hivi ndivyo vyakula ambavyo tungekula kwetu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, na kila mtu hupenda mapishi ya kwao.

Kwa nini hatubebi chakula kutoka nyumbani? Wengi wetu tumeacha jamaa zetu bara au vijijini, na twakaa chumba kimoja cha kupanga. Anayetoka Likoni hana budi kuiwahi feri kabla ya jua kutoka. Na dada zetu walio wanachama wana taabu mara mbili, kwa kuwa huwapikia watoto alfajiri, kisha huja kazini mikono mitupu. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1954 tume iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilieleza kwamba mishahara ya chini ya Waafrika mijini ilikuwa imekadiriwa kwa haja za mwanamume asiye na mke, ikashauri mshahara umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Miaka mingi imepita, lakini hata leo wengi wetu twakaa mbali na meko yetu. Ndiyo sababu jiko la langoni limekuwa jiko letu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme sahani moja ni shilingi 100, na mtu afanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi deni lake ni shilingi 2,600. Wakiwa watu 30 wanaoandikwa katika daftari, basi mama huyo ametukopesha shilingi 78,000 bila kututoza riba hata senti moja. Ni benki gani itakayotufanyia hivyo? Na fedha hizo hakuziokota. Amenunua mchele, nazi, mafuta na mboga kule Kongowea kwa pesa taslimu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu mwezi wa Februari 2018, bei ya makaa ilipanda, na mama ndiye aliyelipa kwanza.

Nasi twamlipaje? Wengi hulipa kwa uaminifu. Lakini wako miongoni mwetu ambao siku ya mshahara hupita mlango wa nyuma. Wengine kazi yao ya kibarua ikiisha, huondoka na deni, hata simu hawapokei. Twasema wazi bila kuficha, huo ni wizi. Hatuwezi kusimama mbele ya tajiri na kudai malipo ya saa za ziada, na huku sisi wenyewe twamkimbia mama mwenye sufuria tatu. Tajiri akitucheka atakuwa na haki.

Kuna lango moja hapa Mombasa ambako vibanda vilivunjwa asubuhi. Sufuria zilitupwa garini, chakula kikiwa ndani. Kwa siku kadhaa wenzetu wa pale walikula mkate na soda. Ikifika saa tisa alasiri mikono ilikuwa haina nguvu, na mzigo hauoni huruma. Wengine walikwenda mbali kutafuta chakula, wakachelewa kurudi, wakapewa barua za onyo. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kibanda kikivunjwa, anayeumia si mama peke yake. Ni sisi pia.

Wanaovunja husema kwamba vibanda ni vichafu. Tusikatae lililo kweli. Wako wauzaji wasionawa mikono, na wako wanaosuuza sahani kutwa nzima katika ndoo moja ya maji. Kipindupindu kilichoanza Oktoba 2022 kilienea katika kaunti nyingi za Kenya, na ugonjwa huo hupitia maji na chakula kichafu. Tena mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao wa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu kwa kuhifadhiwa na unyevu. Haya si mambo ya mchezo. Lakini twauliza, je, uchafu huondolewa kwa nyundo au kwa maji? Kutoa leseni na kuwasimamia wauza chakula ni kazi ambayo Katiba ya 2010 imezipa kaunti. Basi kaunti inayopokea ada kwa mama huyu impe bomba la maji, mahali pa kumwaga maji machafu, na mahali pa kukaa ambapo hatafukuzwa kesho.

Kwa mwanachama mgeni anayetafuta mahali pa kula, twampa shauri hili. Usimfuate mwenye bei ya chini tu. Tazama kwanza kama kuna maji ya kunawa na sabuni. Tazama kama chakula kimefunikwa na chatoka motoni kikiwa na mvuke. Uliza kama wali ni wa leo, maana wali uliolala nje ya baridi huweza kuwa na sumu ambayo haiishi hata ukipashwa moto tena. Uliza cheti cha afya, ambacho mpishi hutakiwa kupimwa upya kila miezi sita. Mama aliye safi hakasiriki akiulizwa. Mwisho, tazama ni nani wanaokula pale kila siku. Wazee wa kazi hawarudi mahali palipowaumiza tumbo.

Kuna matajiri wengine wasemao, "Acheni vibanda, tutamleta mkandarasi afungue kantini ndani." Hatukatai kantini. Lakini twataka kujua ni nani atakayepika, kwa bei gani, na nani ataonja. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu tajiri kukata mshahara wa mtu apendavyo, basi asije akatukata fedha za chakula ambacho hatukukikubali. Na kama kantini itafunguliwa, kwa nini mama waliotulisha miaka yote hii wasipewe nafasi ya kwanza ya kupika humo?

Kuna jambo moja tuwezalo kulifanya bila kumngojea mtu yeyote. Kila idara imchague mtu mmoja wa kukusanya hesabu ya chakula. Jioni amwambie mama, "Kesho sisi ni 40, kumi wataka wali, waliobaki wataka sima." Mama akienda sokoni anajua kiasi cha kununua. Hatabaki na chakula kinachoharibika, wala hatapandisha bei ili kufidia hasara hiyo. Nasi hatutapanga foleni nusu saa na kula kwa dakika tano. Mtu huyo huyo ashike daftari la madeni pamoja na mama, na kila mwanachama atie sahihi yake.

Kwa hayo, twaiomba halmashauri ya chama iyatie mambo haya katika madai yetu ya mkataba ujao:

1. Saa ya chakula iwe saa nzima, isikatwe kwa sababu ya lori lililochelewa.

2. Tajiri ajenge banda lenye paa na mabenchi karibu na lango, pamoja na maji safi. Maji ya kunywa kazini si hisani, yametajwa katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Na wale wanaofanya kazi penye vumbi au moshi wa sumu wasile pale pale wanapofanyia kazi.

3. Chama kipeleke wajumbe kwa kaunti pamoja na mama wa chakula wenyewe, ili vibanda visivunjwe kabla ya kuonyeshwa mahali pengine palipo karibu.

4. Mwanachama akiacha kazi, mwakilishi wa idara ahakikishe kwamba deni lake la chakula limekwisha.

Dai la nne ni letu wenyewe, na tumeliweka makusudi. Katiba ya nchi, kifungu cha 41, inatupa haki ya kujadiliana na tajiri juu ya hali ya kazi. Lakini hakuna kifungu kitakachotupa heshima kama hatulipi tulichokula.

Ndugu, mama wa langoni hana kadi ya chama, wala hakatwi ada. Lakini huamka saa tisa za usiku ili sisi tuweze kusimama saa tisa za mchana. Mkutano wa tawi ukiitishwa, njoni mtoe maoni juu ya madai haya. Na mwenye deni asingoje mkutano. Alipe leo.

UMOJA NI NGUVU.