Rosta ya Krismasi hutoka mapema, ya Idd je?

Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi ya zamu katika duka moja la vyakula hapa Meru mjini. Duka lenyewe sitalitaja. Rosta ilibandikwa ukutani kila Jumamosi jioni, na ya Disemba tulianza kuipigania Novemba. Nani atakuwa kijijini Krismasi, nani anapewa ofu Mwaka Mpya, nani ana kijana anayeingia jandoni huko Igembe na lazima awe nyumbani. Mdosi alisikiliza kila mtu, akaandika, akafuta, akaandika tena.

Kaunta ya pili alikaa dada mmoja wa Majengo, Mwislamu. Idd-ul-Fitr ikikaribia akaomba siku moja tu. Akaulizwa, "Ni Jumatano ama Alhamisi? Amua." Sasa angeamuaje na mwezi haujaandama? Akapangiwa kazi siku zote mbili. Usiku mwezi ukaonekana, asubuhi yeye yuko kaunta anawapigia hesabu ya mchele wa pilau watu wa mtaa wake mwenyewe. Mimi siku hiyo nilikuwa na ofu. Nililala hadi saa tano. Sikuwaza hata kubadilishana naye.

Tuje kwa sheria. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa zima, sawa na Krismasi. Idd-ul-Azha na Diwali ndizo sheria inazitaja kando, moja ya Waislamu na nyingine ya Wahindu, ingawa Azha mara nyingi waziri huitangaza kwa kila mtu kupitia Gazeti Rasmi. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema una haki ya kuadhimisha siku yako ya ibada, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi wa kidini na inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kwa wiki. Haisemi lazima iwe Jumapili. (Siku za serikali zenyewe hubadilika tu: tarehe 10 Oktoba ilikuwa ya Moi, ikawa ya Utamaduni, na tangu 2024 ni ya Mazingira. Utamaduni uliondoka kimyakimya.)

Wadosi wengi watakwambia biashara haiwezi kusimama kwa sababu ya imani ya mtu mmoja. Mimi huwakumbusha Agosti 2017. David Maraga, Msabato, alikuwa amewaambia waliomhoji kwa kazi ya Jaji Mkuu mwaka uliotangulia kwamba Jumamosi hangeketi kusikiliza kesi, hata ya urais. Ikaja kesi ya urais kweli, na katiba inatoa siku 14 pekee. Mahakama ya Juu ikapanga kikao cha Jumamosi tarehe 26 kianze saa moja usiku, jua likiwa limeshatua. Uamuzi ukatoka Septemba 1, ndani ya muda, na uchaguzi ukafutwa. Kama kesi nzito kuliko zote nchini ilipangika, zamu ya kuuza sukari inashindikana wapi?

Mwaka huohuo, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Wasabato wasilazimishwe kuhudhuria masomo ya Jumamosi. Hoja yake ni rahisi: sheria moja kwa wote inaweza kumuumiza mmoja peke yake.

Nakubali Sabato ni ngumu kuliko Idd. Idd ni siku mbili kwa mwaka. Sabato ni kila wiki, na Jumamosi ndiyo siku ya mauzo. Duka la watu watatu litabanwa kweli. Lakini Msabato huyohuyo atakufanyia Jumapili yote bila kununa, siku ambayo sisi wengine tunatafuta visingizio. Na sala ya Ijumaa ni suala la kusogeza chakula cha mchana, basi.

Kinachoniuma ni kwamba watu wa huku wanajua kuifuata kalenda ya wengine pesa ikihusika. Nenda Maua. Mkulima ni Mmethodisti wa kuzaliwa, lakini muulize Ramadhani inaanza lini. Wateja wake wengi ni Waislamu, mchana hawatafuni, na miraa haingoji, inanyauka. Kwa hiyo anapanga mavuno yake kwa mwezi wa watu wengine. Hajawahi kuuliza "amua, Jumatano ama Alhamisi?" Anaweka nafasi ya siku zote mbili.

Hivyo ndivyo rosta ingefanywa. Idd ikikaribia, andika watu wawili kwa penseli: mwezi ukionekana leo, kesho aingie fulani, usipoonekana, aingie yule. Meseji moja usiku inatosha. Na mtu akiajiriwa, aulizwe siku zake mapema, kama anavyoulizwa namba ya M-Pesa.

Yule dada aliacha kazi kabla ya Azha. Ana kibanda chake cha viazi karai sasa. Ijumaa saa sita na nusu anafunika karai, saa nane anarudi, na wateja tumezoea kungoja.