Nangina Nje ya Lango: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Busia

Kwa Mheshimiwa Dkt. Paul Otuoma,
Gavana wa Kaunti ya Busia.

Mheshimiwa Gavana hahitaji kuchorewa ramani ya Samia. Wapiga kura wa Funyula ndio waliompeleka Bungeni mwishoni mwa 2007, wakamrudisha 2013, na Nangina iko papo hapo Funyula. Kwa hiyo barua hii haitaeleza hospitali ya misheni ya Holy Family iko wapi wala ni ya nani. Inataka kuzungumzia pesa: zinaingiaje katika hospitali ya aina ile, zinatokaje, na ni kazi gani inayofanywa bila yeyote kuilipia.

Siku ya kliniki ya wajawazito, lango la hospitali ya misheni kijijini hugeuka soko dogo. Kuna mama wa uji na chupa zake za chai, kuna ndizi katika beseni, kuna kijana wa bodaboda aliyemshusha mjamzito na sasa amelalia tangi la pikipiki akimsubiri amrudishe. Ndani, mpishi anapima mahindi na maharagwe ya wagonjwa. Mhasibu anayemlipa aliyeyaleta mahindi hayo ndiye anayelipa fundi wa jenereta, mfuaji wa shuka na muuguzi ambaye kodi ya nyumba yake inaingia mfukoni mwa mwenyeji wa Funyula. Katika eneo linaloishi kwa mihogo, mtama, samaki na biashara ya mpakani, mshahara wa kila mwezi si kitu kidogo. Shirika lisilogawa faida halina mwenye hisa wa kumtumia gawio. Kinachobaki hurudi kazini.

Ichukuliwe shilingi ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tangu Oktoba 1, 2024. Kwa mama aliyejifungua kawaida, viwango vyake vinaipa hospitali shilingi 10,000. Kwa upasuaji, 30,000. Sehemu ya pesa hizo huondoka Busia mara moja. Hospitali nyingi za makanisa hununua dawa kwa MEDS ya Nairobi, ghala lililoanzishwa 1986 na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti, na hilo ni sawa, maana Samia haitengenezi oksitosini. Sehemu nyingine hukaa hapa hapa, ikizunguka kati ya posho ya mlinzi, kibanda cha mboga na karo ya shule. Bima ikichelewa kulipa, anayesubiri si askofu peke yake. Mama wa mboga naye anasubiri. Maaskofu Wakatoliki walilalamika hadharani Novemba 2024 kuhusu madeni ambayo serikali ilikuwa haijawalipa, na malalamiko hayo yana anwani yake Nairobi. Si ya Gavana kuyajibu.

La Gavana ni hili: bima hulipia mtu aliyekwisha kufika hospitalini. Hakuna kiwango cha SHA cha muuguzi wa misheni anayetoka na kisanduku cha chanjo kwenda vijiji vya ufukweni karibu na Sio Port, wala cha mkutano na kina baba chini ya mwembe kuhusu vyandarua. Kadiri hospitali inavyozuia magonjwa, ndivyo inavyojipunguzia mapato. Biashara ya namna hiyo ingefungwa zamani.

Na hakuna mahali Kenya panaposhuhudia thamani ya kazi hiyo kuliko Samia yenyewe. Mwaka 1998 shirika lisilo la faida la Kiholanzi, ICS, lilianza kuwapa dawa za minyoo na kichocho watoto wa shule za msingi za Funyula na Budalangi. Shule zilikuwa 75, watoto zaidi ya 30,000. Zilipangwa kwa mafungu, baadhi zikianza mapema na nyingine baadaye, ili tofauti ionekane. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo 2004: utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopata dawa, na hata watoto wa jirani ambao hawakumeza chochote walinufaika, kwa sababu minyoo haikuwa na wa kumrukia tena. Wataalamu wamebishana vikali juu ya hesabu hizo, hasa 2015 zilipopigwa upya. Hata hivyo Kenya iliendelea na kampeni ya kitaifa ya minyoo shuleni, na Kremer akapata Tuzo ya Nobel ya Uchumi 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa utafiti wa namna ile. Watoto wa Samia waliufunza ulimwengu mzima. Inashangaza kwamba bajeti ya nyumbani kwao bado haijalisoma somo hilo.

Kaunti inaweza kujibu kuwa kazi ya vijijini ina wenyewe tayari. Ni kweli. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwakabidhi vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wa nchi nzima, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Mkoba wao una mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, dawa za kuharisha. Kuna pia kitu chepesi kuliko vyote, utepe wa kupimia mkono. Mhudumu huuzungusha katikati ya mkono wa kushoto wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, anauvuta taratibu mpaka ushike ngozi bila kubana, kisha anasoma rangi. Kijani, mtoto yu salama. Manjano, aangaliwe. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, apelekwe hospitali leo hii.

Apelekwe wapi, na akifika ampokee nani? Hapo ndipo mkoba unapoishia. Mhudumu wa kijiji cha jirani na Nangina ana msimamizi upande wa serikali, ilhali wodi ya watoto iliyo karibu naye ni ya misheni. Njia mbili zinapita kando kando, na mtoto mwenye utepe mwekundu anategemea simu ya hisani kati ya watu wawili wanaojuana.

Majirani walikwisha kulitatua hili. Vuka mpaka pale Busia uingie Uganda, na karibu tu utakuta Hospitali ya Dabani, ya Kikatoliki kama Nangina. Uganda ilianza miaka ya mwisho ya 1990 kuzipa hospitali zisizo za faida ruzuku ya serikali kwa huduma ya afya ya msingi, na fungu lao limo katika bajeti ya taifa. Si pesa nyingi, na wenyewe hulalamika kila mwaka kwamba hazitoshi, ila zimo kwenye kitabu. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: ilizifanya hospitali za makanisa kuwa Hospitali Teule za Wilaya, serikali ikalipa watumishi na kutoa ruzuku, kama ilivyokuwa kwa Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kenya nayo ilikuwa ikizipa misheni ruzuku hadi miaka ya 1990, ikaacha. Tangu ugatuzi wa 2013 uzikabidhi kaunti huduma za afya, hakuna kinachoizuia Busia kuanza upya kwa mkataba wake.

Pingamizi lipo, na lina uzito. Kwa nini kodi ya Muislamu wa Busia mjini au Mwanglikana wa Butula iende kwa Dayosisi ya Bungoma, mwenye hospitali? Jibu ni kwamba isiende bure. Mkataba uandikwe na usomwe hadharani: hospitali itatoa huduma gani, katika vijiji vipi, na hesabu zake zitabandikwa wapi. Hospitali ya Kikatoliki haitoi sindano wala vidonge vya kupanga uzazi, kwa hiyo mkataba utaje zahanati ya kaunti itakayobeba jukumu hilo, mwanamke asifunge safari mara mbili. Ada ya mtu asiye na SHA ijulikane kabla hajavuka lango. Misheni ikikataa masharti hayo, basi na pesa zibaki.

Wala isisahaulike nani alikuwa mlangoni milango mingine ilipofungwa. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100. Wauguzi wakafuata kuanzia Juni 2017 kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56. Hospitali za misheni nchini zilifurika katika vipindi hivyo vyote, bila senti ya ziada kwa ajili ya umati huo. Na tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, kaunti za magharibi zimekuwa zikitafuta nani wa kuziba pengo.

Ombi ni dogo kwa kulinganisha na kazi hiyo. Wauguzi wachache wa kaunti watumwe Nangina kwa kazi ya nje ya lango, mishahara yao ikiendelea kulipwa na kaunti. Wahudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo wawe na utaratibu ulioandikwa wa kupeleka wagonjwa huko na kurudishiwa taarifa. Na liwepo fungu moja, lenye jina lake, la chanjo na huduma za shuleni zinazofanywa na hospitali zisizo za faida za Busia.

Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi. Wakazi wa Funyula watakuja na karatasi hii mkononi, na wanatarajia Waziri wa Afya wa Kaunti awe ukumbini kuijibu kipengele kwa kipengele.

Kwa heshima,
Mkazi wa Samia