Likizo Nyumbani: Kilima Kilekile, Mahali Palepale

Koplo mmoja wa polisi, mzaliwa wa vilima vilivyo juu ya Ziwa Bunyonyi huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, alirudi kwao mwezi wa Juni kwa likizo ya majuma mawili. Siku ya tatu, mama yake alipokuwa akitafuta hati za shamba ndani ya sanduku la bati, zilitoka humo picha tisa ndogo zisizo na rangi, zenye kingo nyeupe. Zilipigwa na marehemu baba yake, aliyekuwa nyapara wa barabara. Mzee huyo, tofauti na wenzake wengi wa wakati ule, hakupenda kupiga picha za watu waliosimama wima kama milingoti. Alipiga vilima na njia. Nyuma ya picha moja palikuwa pameandikwa kwa penseli: Juni 1974, asubuhi, kilima chetu.

Kamera za namna ile zilitumia filamu ya kutoa picha kumi na mbili tu, kisha ilibidi filamu ipelekwe studio na kulipiwa. Mtu hakubonyeza ovyo. Alitazama kwanza, akahesabu fedha zake, ndipo akapiga. Leo simu iliyo mfukoni mwa askari huweza kupiga picha mia kabla ya chai ya saa nne, na pengine ndiyo sababu picha nyingi kati ya hizo mia hazitazamwi tena na mtu yeyote, hata na mpigaji mwenyewe.

Wasafiri waendao Kisoro kutoka Kabale husimama katika mlango wa Kanaba ili wapige picha za milima ya volkano: Muhavura wenye kimo cha mita 4,127, Gahinga wenye mita 3,474, na Sabinyo, ambao kileleni mwake hukutana mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo. Ni mandhari ya fahari, wala hakuna wa kuwalaumu wasafiri hao. Lakini milima hiyo imekwisha kupigwa picha na watu wasiohesabika. Kilima kilicho nyuma ya jiko la mama hakipigwi na mtu. Mwenye kukijua ni mwenye kukipanda kila siku na kikapu cha viazi kichwani, na huyo hana nafasi ya kusimama na kukitazama. Askari wa likizo anayo nafasi hiyo. Tena ana jambo jingine la thamani: hukiacha kilima kwa mwaka mzima, akarudi akiwa na macho ya mgeni na kumbukumbu ya mwenyeji.

Koplo akataka kuipiga upya picha ya baba yake. Alidhani ni kazi ya dakika tano, ikamchukua asubuhi mbili. Kusimama karibu na pale aliposimama mzee hakukutosha, kwa maana hatua kumi upande mmoja hubadili kila kitu kilicho karibu. Aliitazama ile picha ndogo mpaka akaona kwamba pembe ya jabali lililo karibu ilikuwa imekutana sawasawa na kilele cha kilima cha ng'ambo ya ziwa. Hiyo ndiyo siri ya kazi yenyewe. Kitu cha karibu na kitu cha mbali vikikutana katika picha ya zamani, mtu husogea kushoto na kulia mpaka avione vimekutana tena. Kisha hutafuta jozi nyingine upande wa pili wa picha, akasogea mbele au nyuma mpaka nayo ikubali. Akifika hapo, amesimama katika nyayo za mpigaji wa kwanza. Jozi ya pili ilimshinda koplo. Ukingo wa njia ulioonekana pichani haukuwapo tena. Mama yake, aliyekuwa akimtazama kutoka shambani, alimwita.

“Mwanangu, shuka. Baba yako hakusimama juu ya njia. Alisimama ndani ya mfereji, nikamcheka.”

Mfereji wenyewe haukuonekana. Ulikuwa umejaa udongo hadi usawa wa barabara, na juu yake kumeota nyasi.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wasomaji wa sehemu nyingine huenda hawalijui. Vilima vya Kigezi ni vya mwinuko mkali, na watu wake ni wengi tangu zamani. Katika miaka ya 1940 ofisa kilimo Mwingereza, J. W. Purseglove, alisimamia huko mpango wa kuhifadhi udongo: mashamba yalikatwa kwa kufuata usawa wa mteremko, na baina ya shamba na shamba ukaachwa ukanda wa nyasi usiolimwa. Machifu walihimiza amri hiyo kwa mkono mzito, na wazee hawakuisahau. Mwaka 1946 familia zilianza kuhamishwa kutoka sehemu zilizojaa watu kupelekwa penye nafasi. Kwa miaka mingi udongo ulioteremka na mvua ulizuiwa na kanda zile za nyasi, ukajikusanya nyuma yake, na hivyo yakatokea matuta makubwa ambayo leo huvipa vilima sura ya ngazi. Kila mpiga picha afikaye Bunyonyi huyasifu matuta hayo, akidhani pengine kwamba yaliumbwa pamoja na kilima.

Udongo uliokusanyika nyuma ya tuta ndio wenye rutuba kuliko wote shambani. Mkulima ambaye shamba lake limegawanywa kwa warithi mara mbili au tatu analijua hilo barabara. Akilichimba tuta na kulitandaza, msimu wa kwanza maharagwe yake hupendeza. Tatizo huja na mvua kubwa baadaye, kwani hapana tena cha kuuzuia udongo.

Koplo alisimama katika mfereji uliozibwa, akapiga. Jioni akaiweka simu kando ya picha ya mwaka 1974, na mama yake akahesabu kwa ncha ya kijiti. Katika picha ya zamani, kuanzia kileleni hadi barabarani, yalionekana matuta kumi na moja. Katika picha mpya yalikuwa sita. Matano yaliyopotea yalikuwa yote upande wa chini, katika sehemu aliyorithi kaka yake mkubwa.

Jambo hili lisingekuwa na uzito sana kama isingekuwa ile barabara. Ni njia ya udongo, nyembamba, isiyo katika ramani nyingi, na ndiyo pekee ipitikayo kwa gari kutoka kijijini hadi barabara kuu. Wakati wa masika ya mwaka uliotangulia, maji yasiyokuwa na mfereji yalipita katikati ya njia na kuichimba. Mama alipougua usiku, gari liliishia chini ya kilima. Wanaume wa kijiji walimteremsha kwa engozi, machela ya kubebwa mabegani, ambayo vijiji vya Kigezi vina vyama vyake vya kuitunza na kupokezana zamu. Alifika hospitali salama. Koplo alikuwa kazini mbali, akapata habari kwa simu siku ya pili.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, yapo mambo machache ya kazi ambayo familia yenye simu au kamera ingefaa kuyajua.

La kwanza ni saa. Jua la adhuhuri karibu na ikweta huangaza kutoka juu, vivuli hufichika, na kilima chenye matuta hamsini huonekana laini kama kitunguu. Asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, mwanga huja kwa ubavu. Kila tuta hutupa kivuli chake na kila mfereji huonekana. Katika mabonde ya Kabale ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka, hivyo mpigaji asikate tamaa mapema. Asubiri uanze kupasuka. Nusu saa ile vilima hutokeza kimoja baada ya kingine kama visiwa, na hapana saa nzuri kuipita hiyo.

La pili ni mwezi. Watu wengi husahau kwamba mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita kusini. Mteremko ulioangazwa katika picha ya Juni huweza kuwa kivulini mwezi wa Desemba, na macho yakadanganyika kwamba shamba limebadilika. Atakaye kulinganisha arudi mwezi uleule, saa ileile. Aidha kiangazi huleta vumbi na moshi wa nyasi zichomwazo, ambavyo huvifuta vilima vya mbali; siku inayofuata mvua ndiyo yenye hewa safi.

Kuikuza picha kwa vidole katika skrini hakuongezi chochote ila ukungu, afadhali kutembea. Mtu, ng'ombe au nyumba ikiwamo pichani, mtazamaji hujua ukubwa wa kilima. Na picha iliyo njema ichapwe studio, iandikwe nyuma kwa penseli tarehe, saa na mahali, kisha ihifadhiwe pakavu. Simu huibiwa, huanguka majini, huuzwa. Sanduku la bati la yule mama lilikuwa limetunza picha kwa zaidi ya miaka hamsini bila kuhitaji umeme.

Lipo pia suala la usalama, ambalo wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kufundishwa, ila watoto wao huenda wakahitaji. Kambi, maghala na vizuizi havipigwi. Karibu na mpaka, kama kule Katuna, zipo zile ziitwazo njia za panya, na mtu mwenye kamera katika njia hizo atadhaniwa mpelelezi na upande mmoja na mfanya magendo na upande wa pili. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Alama hiyo hufaa sana kwa kilima cha nyumbani, lakini askari azime kazi hiyo kabla ya kurudi kituoni. Na shamba la mtu huombewa ruhusa, hata kama mwenyewe ni jirani wa miaka yote.

Koplo alikwenda Kabale mjini akachapisha picha yake kwa kipimo kilekile cha ile ya zamani. Jumapili alasiri akazichukua zote mbili nyumbani kwa kaka yake. Hakutaja matuta. Aliziweka mezani, akanywa uji wa mtama aliopewa, akanyamaza. Kaka mtu alizitazama kwa muda mrefu, akaanza na kile ambacho mdogo wake hakukitazamia.

“Kilima cha ng'ambo kilikuwa kipara,” akasema. “Leo kina miti hadi juu. Hilo nalo umeliona?”

Ilikuwa kweli. Mwaka 1974 kilima kile kilikuwa na nyasi tupu; sasa kilijaa mikalitusi. Picha ya zamani haimpendelei mtu. Huwaumbua waliobomoa, na pia huwaumbua wale wasemao kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Jambo la aina hiyo liliwahi kutokea Kigezi kwa kiwango kikubwa. Purseglove alipima matumizi ya ardhi huko mwaka 1945, na mwaka 1996 watafiti walirudi wakapima upya. Kwa kuwa watu walikuwa wameongezeka mno, ilidhaniwa kwamba ardhi iliyopumzishwa ingekuwa imekwisha. Wakakuta imeongezeka. Bila ya vipimo vya kwanza, mtu angeendelea kusimulia alichokidhania.

“Nimeliona, kaka,” koplo akajibu.

“Na haya ya huku umeyaona. Ndiyo maana umekuja na picha badala ya kuja na maneno.” Akazisogeza kando. “Mdogo wangu, wewe unalipwa mshahara. Mimi nina watoto saba na hatua arobaini za shamba. Picha haioni njaa.”

Koplo hakuwa na jibu la haraka, na ni heri, kwa sababu neno lile lilikuwa la haki. Mke wa kaka yake, aliyekuwa mlangoni akichambua maharagwe, ndiye aliyeichukua picha mpya na kuileta karibu na macho. Akauliza ule mchirizi mweupe uliokatiza sehemu ya chini ya shamba ni kitu gani. Hapana aliyekuwa ameuangalia. Ulianzia pale lilipokuwapo tuta la nane na kushuka moja kwa moja hadi barabarani, na hata katika karatasi ndogo ulionekana kuwa mpana kuliko njia ya miguu.

“Huo ni udongo wetu unaokwenda barabarani,” kaka mtu akasema polepole. “Mwaka juzi haukuwapo.”

Kesho yake ndugu hao wawili walifukua mfereji, kazi ya siku tatu, huku vijana wa jirani wakija kusaidia walipoona koplo wa polisi amevaa buti za mpira na kushika koleo. Udongo uliotoka mferejini ulikuwa mweusi na mzuri. Kaka mtu aliurudisha shambani kwa machela ya magunia, akaumwaga juu ya ule mchirizi, akapanda matete kuukatiza. Kuhusu matuta mengine manne hakuahidi kitu, naye mdogo wake hakuuliza.

Likizo ilipokwisha, koplo aliacha picha zote mbili katika sanduku la mama. Ndani ya mfereji, pale aliposimama baba yao, alizika jiwe bapa hadi usawa wa ardhi. Alipokuwa akipanda bodaboda kwenda mjini, kaka yake alimshika bega, akamwuliza kama Juni ijayo atapata ruhusa tena, au kama ingefaa amwachie simu ile ya zamani na kumwonyesha pa kubonyeza.