Mhojiwa akinyamaza, andika kimya

Kama una kijana chuoni anayefanya utafiti, huenda umemwona wiki hizi amejichomeka vipokea sauti masikioni, akisikiliza, akirudisha nyuma, akiandika, akirudisha tena. Usimgombeze kwamba anacheza na simu. Huyo yumo katika unukuzi, yaani anageuza mahojiano aliyorekodi yawe maandishi.

Kazi yenyewe inachosha. Saa moja ya mazungumzo humla hata mzoefu saa nne au zaidi, ndiyo sababu wanafunzi wengi humlipa mtu awapigie taipu. Sina ugomvi na wapiga taipu, lakini hebu tazama linaloweza kutokea. Mama anaulizwa, je, wauguzi walikusaidia? Ananyamaza sekunde tatu, anacheka kidogo, kisha anasema, "Ee, walinisaidia." Mpiga taipu mwenye haraka anaandika, "Ndiyo, walinisaidia." Kimya kimekwenda, kicheko kimekwenda, na ripoti itasema mama aliridhika. Huenda alimaanisha kinyume kabisa!

Mmarekani Gail Jefferson, aliyefariki mwaka wa 2008, alishughulikia mambo haya miaka mingi. Alipima kimya kwa sehemu za kumi za sekunde, na kicheko akakiandika jinsi kilivyosikika badala ya kusema tu "anacheka". Si lazima kijana wako afike huko, inategemea anachotafuta. Lakini Sheng, lugha ya mama na vituo vya mhojiwa aviache vilivyo. Hakutumwa kumsahihishia mtu Kiswahili.

Na zile programu za kompyuta zinazonukuu zenyewe? Zinapunguza kazi, sikatai. Hata hivyo, watafiti walioichunguza Whisper na kuchapisha matokeo mwaka wa 2024 waligundua kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa vilirudi na maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na vituo virefu vya msemaji vilichangia. Yaani pale pale mama yetu aliponyamaza, mashine inaweza kumsemea.

Kwa hivyo, hata akisaidiwa, kijana asikilize rekodi yote mwenyewe huku akifuata maandishi. Asiiache kwenye kompyuta ya saiba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Na neno likikataa kusikika baada ya kurudiwa mara tano, asibahatishe. Aandike "halisikiki", aweke dakika na sekunde, aendelee.