Mtetezi Akigeuka Dalali

Wako wanaodai kwamba mwanachama anayejitoa katika chama cha kutetea haki, kwa kuwa viongozi wake wamepatana na wakubwa, ni mtoro. Eti angebaki ndani arekebishe mambo. Hoja hii husemwa kwa upole na busara, na ndiyo maana huwapoteza wengi. Yaliyotokea Marekani mwaka 1994 yanatosha kuivunja.

Mwaka 1990 Mitch Kapor, John Perry Barlow na John Gilmore waliunda chama kiitwacho Electronic Frontier Foundation, ili kulinda haki za raia atumiaye kompyuta: asizuiwe kusema, wala asichunguzwe bila sababu. Watu walikichangia kwa imani hiyo. Baadaye kikahamia Washington, karibu na Bunge, chini ya uongozi wa Jerry Berman. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Mtu akizoea kunywa chai na wakubwa, huanza kuona haya kuwaambia hapana.

Wakati huo shirika la upelelezi la FBI lilitaka sheria ya kuyalazimisha makampuni ya simu yajenge mitambo inayorahisisha kunasa mazungumzo. Tuelewane. Polisi wa Marekani walikwishakuwa na uwezo wa kusikiliza simu ya mshukiwa kwa idhini ya mahakama. Jipya lilikuwa hili: mtambo uzaliwe na sikio la serikali ndani yake, na simu ya mwalimu asiye na kosa lolote ipite humo humo.

Viongozi wa chama walifanya nini? Walikaa mezani na Seneta Patrick Leahy na Mbunge Don Edwards, wakasaidia kuunyoosha mswada. Walisema ungepita tu, kwa hiyo heri upite ukiwa umepunguzwa makali. Si haki kusema hawakupata kitu. Intaneti iliachwa nje ya sheria hiyo, na polisi wakatakiwa kupata amri ya mahakama kabla ya kuchukua kumbukumbu za barua za kompyuta. Tarehe 25 Oktoba 1994 Rais Clinton alitia saini. Zikaidhinishwa dola milioni 500 kuyafidia makampuni. Yaani mwananchi alipe kodi ili atobolewe ukuta wake mwenyewe.

Baadhi ya wanachama walijitoa, wakarudisha kadi kama tusemavyo kwetu. Nani atawalaumu? Wala si kweli kwamba hapakuwa na njia nyingine, kwani kituo cha EPIC, kilichoanzishwa mwaka huo huo, kiliupinga mswada mzima bila kumung'unya maneno.

Mtumishi wa umma anajua mapatano ni nini. Ukidai nyongeza ya shilingi mia ukapewa sitini, mwakani utadai arobaini zilizobaki. Hayo ni mapatano halali. Lakini mtambo wa kusikiliza ukishajengwa nchi nzima, hakuna mwakani. Zaidi ya hayo, viongozi wale waliuza kisichokuwa chao. Wenye simu hawakuwatuma. Aliyebaki ndani ya chama baada ya biashara hiyo alibaki kufanya nini, kama si kuipa muhuri?

Na ile ngao waliyoinunua ilidumu muda gani? Miaka kumi. Mwaka 2004 FBI na wenzake walirudi, safari hii mbele ya tume ya mawasiliano, wakitaka intaneti nayo iingizwe. Mwaka 2005 tume ilikubali. Chama kile kile, ambacho Berman alikuwa amekwisha kukiacha, na ambacho mwaka 1995 kilihama Washington kwenda San Francisco, kilikwenda mahakamani kupinga. Mwaka 2006 kikashindwa. Kilikuwa kimefika, kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa, pale waliojitoa walipokuwa wamesimama tangu mwanzo.

Mwezi Oktoba 2024 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wamepenya katika makampuni makubwa ya simu ya nchi hiyo, na kuifikia mifumo ile ile inayotumika kunasa mazungumzo kwa amri ya mahakama. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya askari haukumuuliza mgeni kitambulisho.