Darasa la Saba Wodini

Jaribio la GUSTO-III, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997, liliwapa maelfu ya wagonjwa wa mshtuko wa moyo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Miaka mingi baadaye watafiti walizipekua kumbukumbu za zaidi ya 11,000 kati yao, wakitafuta jambo ambalo daktari wa zamu huwa hana muda wa kuliuliza: mgonjwa alikaa shuleni miaka mingapi? Kati ya waliosoma chini ya miaka minane, asilimia 17.5 walifariki kabla mwaka haujaisha. Kati ya waliosoma zaidi ya miaka 16, asilimia 3.5.

Chini ya miaka minane, kwa hesabu ya Tanzania, ni darasa la saba. Yaani wazazi wetu wengi, na mafundi, wakulima na mama lishe wengi.

Wenye elimu ndogo walikuwa na umri mkubwa zaidi, hilo lisemwe. Lakini hata umri na maradhi mengine yakiwekwa kwenye hesabu, pengo lilibaki. Hapo ndipo jibu jepesi hupiga hodi: hawajasoma, hawajitunzi. Utafiti wa PURE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi 20, unalikataa jibu hilo. Katika nchi maskini, wenye elimu ndogo walipata mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na maradhi hayo kwa kiwango kinachozidi maradufu cha waliosoma sana, ingawa kwa ujumla vihatarishi vyao vilikuwa afadhali. Walichopungukiwa ni matibabu.

Matibabu yenyewe si ya ajabu. Faida ya aspirini kwa mshtuko wa moyo ilithibitishwa na jaribio la ISIS-2 mwaka 1988, na bei yake haimshindi mtu. Ongeza dawa ya kushusha lehemu na za presha. Hata hivyo, matokeo ya PURE ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba katika nchi maskini, watu wanane kati ya kumi wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hawakuwa wakimeza hata moja ya dawa hizo.

Sasa mfuate mgonjwa anaporuhusiwa. Mkononi ana karatasi ya Kiingereza, na bahasha ya vidonge iliyoandikwa 1x1. Kifua hakiumi tena. Maisha yake yote amezoea kwamba dawa humezwa ikaisha. Mseto wa malaria ni siku tatu, basi. Vidonge vya mwezi vikiisha, anahesabu amepona, na hakuna aliyemwambia vinginevyo kwa maneno ambayo angeweza kumrudishia mkewe nyumbani. Mwenzake mwenye shahada naye hakufundishwa moyo chuoni. Ila ana ajira na bima inayokatwa kwenye mshahara, haoni haya kumuuliza daktari mara ya pili, na pengine ana rafiki mfamasia wa kumpigia simu.

Kwa hiyo toleo hili halitawahimiza wagonjwa wajielimishe. Aliyeikosa sekondari akiwa na miaka 14 hatarudishiwa akiwa na 60. Tunazidai hospitali: karatasi ya kuruhusiwa iwe ya Kiswahili, ndugu anayemuuguza aitwe asikilize, kliniki impigie simu asiyerudi kuchukua dawa. Tunataka pia kila wodi ya moyo iandike kwenye faili kiwango cha elimu cha mgonjwa, kisha baada ya mwaka itueleze ni nani bado wako hai.