Anayelala Barazani Ana Jina na Ana Haki



Ukitoka swala ya alfajiri Mwembe Tayari au Majengo, unawaona. Mzee amejifunika gunia mlangoni mwa duka. Mama na mtoto wako juu ya katoni. Vijana wamebanana pembeni mwa ukuta. Unatoa shilingi ishirini, unasema "maskini", unaenda zako. Sisi pia tumefanya hivyo. Lakini hebu tuulizane: ishirini hiyo imemtoa nani barabarani?

Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa na serikali mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi 15,337, Mombasa 7,529. Yaani kaunti yetu ni ya pili Kenya. Na mfuko wa serikali wa kuwarekebisha watu hawa ulianzishwa tangu 2003! Mtoto aliyezaliwa barazani mwaka ule leo ni mtu mzima, na huenda naye analea mtoto wake papo hapo.

Badala ya makao, mara nyingi tunachoona ni lori. Februari 2019, watoto wa mitaani kutoka Nakuru walikutwa wametupwa karibu na msitu wa Chemususu, Baringo. Huko si kusafisha mji, ni kumtupa binadamu kama taka. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na ya kutokaa na njaa. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Haisemi apakiwe usiku akaachwe porini.

Sasa, wewe na mimi tufanye nini?

1. Muulize jina. Acha kumwita chokoraa. Muulize kwao ni wapi na nini kilimtoa. Aliyefukuzwa kwa kodi hasaidiwi kama aliyekimbia kupigwa nyumbani.

2. Akiwa ni mtoto, piga 116. Ni bure, mchana na usiku. Au mwende kwa afisa wa watoto. Usimchukue tu ukamweka kwako kimyakimya hata kama nia yako ni safi. Sheria inataka ajulikane alipo.

3. Kama ni dawa za kulevya, usikate tamaa. Methadoni inatolewa hapa Pwani tangu 2015, na Kisauni kuna kliniki. Anachokosa wengi ni mtu wa kumsindikiza na nauli ya kurudi kila siku.

4. Msaidie apate kitambulisho. Bila kipande, hospitali ni shida, kazi ni shida, hata kusajili laini ya simu ni shida. Mwende naye kwa chifu. Peke yake atafukuzwa mlangoni, lakini mkiwa wawili atasikilizwa.

5. Ukiona msako, usipite. Andika nambari ya gari, saa na mahali. Uliza wanapelekwa kituo gani. Fika kituoni, uliza nambari ya OB. Kisha tuletee habari.

6. Na kamati za misikiti: zaka ina mafungu manane, na fukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa. Futari ya Ramadhani ni kheri kubwa, lakini mwezi ukiisha, wao bado wako nje. Mtaa mmoja ukijipanga kulipa kodi ya chumba kwa familia moja kwa miezi mitatu, huku baba au mama akitafutiwa kibarua, hapo tumemtoa mtu barabarani. Mkimaliza, chukueni familia ya pili.

Serikali tutaendelea kuidai, maana ni wajibu wake. Lakini aliyelala nje ya msikiti wetu jana hawezi kungoja bajeti.

Ijumaa hii, kabla ya kutoa ishirini, keti naye dakika tano. Anza na jina.

Wabillahi tawfiq.